Bibi anataka nimsalishe, nami sina yakini

Swali: "Maalim, assalamu alaykum. Mimi ni kijana wa miaka 23, kwetu ni kijiji kimoja jirani na Wete, sasa nasoma Unguja. Nilikhitimu chuoni nikiwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa nikisifiwa kwa sauti. Shaka yangu ilianza na meli. Shangazi yangu aliyenilea alikuwamo ndani ya Spice Islander, anarudi Pemba baada ya Idi, na alikuwa ameniahidi viatu vya skuli. Nilikuwa na miaka tisa. Kila aliyekuja kutupa pole alisema ni kadari ya Mungu, nami nikawa najiuliza kimoyomoyo, Mungu gani huyo. Miaka imepita, nimesoma, nimesikiliza mawaidha na mijadala mingi kwenye simu, na leo siwezi kusema Mungu yupo wala siwezi kusema hayupo. Sijui. Rafiki mmoja tu niliyemwambia amenijibu kwamba mtu asiyejua kama kuna Mungu hana sababu ya kuwa mwema, na siku moja ataharibika tu. Neno hilo limeniuma. Kubwa zaidi ni bibi. Nikirudi likizo hunitaka nimsalishe Magharibi ukumbini, kwa kuwa magoti yake hayamfikishi mbali na mimi ndiye mjukuu wake mwenye Qurani. Namsalisha, nasoma vizuri, yeye analia, nami najiona munafiki. Je, naweza kuishi maisha mema hivi nilivyo? Na je, nimwambie mama?"

Waalaykumus salaam, mwanangu, na pole kwa shangazi yako. Naanza na pole kwa sababu barua yako imesokota mambo mawili, msiba na suali la elimu, na ukiyavuta yote kwa pamoja uzi utakatika. Nitayachambua taratibu.

Ni haki yako kujua nani anakujibu. Nimesomesha falsafa na taarikhi ya dini kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wengi walikuwa vijana wa umri wako kutoka visiwa vyote viwili. Mimi mwenyewe ninasali. Si kadhi wala si mufti, kwa hiyo fatwa hutaipata hapa. Sikuandikii ili nikuvute urudi ulikotoka, wala ili nikupe ruhusa ya kuondoka. Umeuliza kama unaweza kuishi vyema na hiyo "sijui" yako, na hilo ndilo nitakalolijibu.

Neno lenyewe kwanza. Katika vyuo vyetu husimuliwa habari ya Imamu Malik wa Madina, kwamba alijiwa na mtu aliyesafiri mbali akiwa na masuali mengi, na mengi kati yake Imamu akayajibu kwa neno moja: sijui. Masheikh walikuwa wakituambia kwamba "laa adri" ni nusu ya elimu. Bila shaka Imamu Malik hakuwa akisema hajui kama Mungu yupo, na usije ukamtumia kwa lisilo lake. Ninachotaka ukione ni kwamba mapokeo yaliyokulea yanakuhesabu kuwa na adabu unapokiri ujuzi wako unapoishia.

Jina la kisomi la hali yako, uagnostiki, lilitungwa London mwaka 1869 na Thomas Henry Huxley, mtaalamu wa elimu ya viumbe. Alikuwa katika jumuiya ya mijadala ambamo kila mwenzake alikuja na jina la itikadi yake, naye akajikuta hana. Akatwaa neno la Kigiriki linalohusu ujuzi, akalitia kikanushi mbele. Kwake halikuwa dini mpya. Lilikuwa utaratibu wa kufikiri: usidai yakini pale ambapo huna dalili. Ndiyo maana mwagnostiki hahesabiwi kuwa mkanamungu. Mkanamungu ameshafunga daftari lake, wewe bado. Na fikra hii ni kongwe kuliko jina lake, maana Protagoras, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, alisema kuhusu miungu hawezi kujua kama ipo au haipo, kwa kuwa jambo lenyewe lina kiza na umri wa binadamu ni mfupi.

Lakini nitakukalisha zaidi na mtu wa nyumbani. Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu ambaye jina lake umelisikia misikitini tangu utotoni, aliandika kwamba aliwahi kukaa karibu miezi miwili akishuku kila kitu, hata macho yake na akili yake, na akasema maneno ambayo ningependa uyasome mara mbili: alikuwa hivyo kwa hali, si kwa kauli. Ndani anashuku, nje amenyamaza. Alitoka humo, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake, wala si kwa hoja aliyoipanga.

Sikuelezi haya kama chambo. Vijana wengi wameambiwa "hata Ghazali alishuku, nawe utarudi", kana kwamba shaka ni homa yenye siku zake. Wapo wasiorudi. Abul-Ala al-Maarri, mshairi kipofu wa Sham, Syria ya leo, aliyefariki mwaka 1057, alizeeka na shaka yake, na aliishi maisha ya kujinyima, hali nyama kwa kuwahurumia wanyama. Wewe utaishia wapi, hilo hata mwenyewe hulijui bado, na anayekutabiria, awe sheikh au awe mtu wa kwenye simu, anasema asilolijua.

Sasa meli.

Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kwenye mkondo wa Nungwi, ikielekea Pemba. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokwenda uwanja wa Maisara, mjini Unguja, walikopelekwa maiti kutambuliwa. Ninachokikumbuka ni kanga. Watu walipita safu baada ya safu, wanainua pembe ya kitambaa, wanaangalia, wanafunika, wanasogea, na kila sauti ilipopasuka upande mmoja wa uwanja ulijua huko ameonekana mtu. Na hapo hapo, katika muda wa saa chache, nililisikia neno kadari mara nyingi kuliko nilivyolisikia mwaka mzima.

Neno hilo lina kazi mbili, na ulipokuwa mtoto hakuna aliyekutenganishia. Kwa mfiwa, kadari ni mto wa kulazia kichwa. Mama anayerudi Maisara hajamwona mwanawe hana haja ya mhadhara, ana haja ya kulala usiku mmoja, na mimi sitamnyang'anya mto huo. Neno lile lile likitoka mdomoni mwa mwenye dhamana ya chombo linakuwa pazia. Meli ile ilibeba watu na mizigo kupita uwezo wake. Tume ya uchunguzi ilisema hivyo, na kulikuwa na abiria waliokataa kupanda kwa kuiona imejaa. Waliokuwa na mamlaka ya kuizuia walikuwa na macho kama wao.

Ugomvi huu una umri mrefu kuliko sisi sote. Katika karne za mwanzo za Hijria walikuwapo Waislamu waliowashutumu watawala wa Bani Umayya kwa kujificha nyuma ya kadari kila walipodhulumu, na katika mijadala ya zama zile, huko Basra, ndimo walimoibuka wanazuoni waitwao Muutazila wakishikilia kwamba Mungu ni mwadilifu na binadamu ndiye mwenye kitendo chake. Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa aliyejiuliza "Mungu gani huyo" hakuwa mtovu wa adabu. Alikuwa anakataa kumtwisha Mungu makosa ya watu waliojaza meli. Inawezekana kabisa, mwanangu, kwamba shaka yako ilianza kama heshima.

Sisemi kwamba kwa maneno haya nimekujibu. Anayeuliza kwa nini Mungu mwenye uwezo wote hakuizuia, anauliza suali zito. Majibu unayajua: mtihani, hekima iliyofichika, malipo ya Akhera, na kwamba aliyekufa kwa kuzama huhesabiwa shahidi. Mimi yananituliza kwa kiasi chake. Sioni ajabu yasipokutuliza wewe, na sitakuona mbaya kwa hilo.

Kuna Mwingereza, William Kingdon Clifford, mwanahisabati, naye alikuwa mwanachama wa jumuiya ile ile ya kina Huxley. Mwaka 1877 alichapisha mfano ambao hunirudia kila nikipita bandarini Malindi, Unguja. Mwenye meli anajua meli yake ni kuukuu na imetengenezwa mara nyingi, na anaingiwa na wasiwasi. Badala ya kuipeleka ikakaguliwe anajibembeleza: imekwenda safari nyingi ikarudi salama, na Mungu hawezi kuziacha familia zote hizi zinazokwenda kutafuta maisha ng'ambo. Wasiwasi unazimika. Anaiaga meli kwa moyo mweupe, meli inazama katikati ya bahari, yeye anachukua fedha za bima. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, na kuamini kwake kwa dhati hakumsaidii kitu, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini vile. Kisha anaongeza jambo linalowashangaza wanafunzi kila mwaka: hata kama meli ingefika salama, hatia yake ingebaki ile ile.

Watu huutumia mfano huu kuwapigia waumini. Mimi nauona umemlenga yeyote aliyebeba abiria. Mtu akijidanganya kuhusu mtumbwi wake anaokwenda nao kuvua peke yake, hasara ni yake. Akishapandisha watu, wasiwasi wake umekuwa na wadai. Hapa ndipo ninapojengea jibu langu lote: kadiri watu wanavyokuegemea katika jambo, ndivyo wanavyokudai ukweli wako katika jambo hilo. Asiyekuegemea hakudai.

Na mrudie Ghazali kwa jicho hilo. Mwaka 1095, miaka mingi baada ya ile miezi miwili ya shaka, akiwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad, mbele ya mamia ya wanafunzi, alijichungua akaona anasomesha kwa ajili ya cheo na sifa. Ulimi ukamfunga. Anaeleza kwamba alijaribu kusomesha siku moja ili awaridhishe watu, neno likakataa kutoka, na chakula kikawa hakipiti. Madaktari wakasema maradhi yametoka moyoni. Akaacha kiti kile na kuondoka. Elimu ilikuwa bado imo kichwani, na imani, kwa maelezo yake, bado alikuwa nayo. Alichokiona ni kwamba hawezi kukaa mbele ya wanaomtegemea huku undani wake uko kwengine. Na tazama hili pia: alipoondoka hakumtangazia kila mtu sababu. Watu walijua anakwenda Makka, na yeye alikuwa amekusudia Sham. Alidaiwa kushuka kitini, hakudaiwa kumfungulia moyo kila mpita njia.

Nije kwa rafiki yako, maana neno lake limekuuma na lina haki ya kujibiwa.

Septemba 1860 Huxley alifiwa na mtoto wake wa kwanza, Noel, ambaye hakuwa ametimiza miaka minne. Makaburini padri akasoma maneno ya Paulo: kama wafu hawafufuliwi, basi tule na tunywe, maana kesho tutakufa. Huxley akamwandikia rafiki yake Charles Kingsley, ambaye naye alikuwa mtu wa kanisa, jinsi maneno yale yalivyomchoma. Kwa kuwa sina yakini ya kumwona tena mwanangu, ndiyo niukane ubinadamu wangu? Hata nyani, alisema, ukimuulia mtoto wake hulia huzuni yake mpaka imwishe, hakimbilii kujaza tumbo. Alikuwa amesimama juu ya kaburi la mwanawe, hana tumaini aliloweza kulithibitisha, na upendo wake haukupungua hata kidogo. Rafiki yako amekwambia kwamba yakini ikiondoka kila kitu kinaondoka nayo. Huyu baba yakini hakuwa nayo, na akabaki baba.

Halafu kuna wale wa Nungwi. Usiku ule watu walitoka na vyombo vyao kwenda kuwatafuta waliokuwa wanaelea, wengine wameshikilia magodoro. Ukiwauliza watakwambia walifanya kwa ajili ya Mungu, nami nawaamini. Lakini mkono unaomvuta mtu majini hausubiri hoja ikamilike. Kuna mtu analia, na wewe una chombo. Kitu hicho kimo ndani yako, nimekiona katika barua yako. Asiye na sababu ya kuwa mwema hasumbuki kwa sababu ya rakaa tatu alizomsalisha bibi yake.

Hata hivyo rafiki yako ana kipande cha ukweli mkononi, na nisingekuwa mwaminifu kwako nikikificha. Wewe ni mtu wa Pemba, kisiwa cha Misali unakijua. Wazee husimulia kwamba Nabii Hadhara alifika pale akawaomba wavuvi msala, wakawa hawana, akasema basi kisiwa hiki chenyewe kitakuwa msala, kwani kimeelekea Kibla. Mwaka 1998 kikatangazwa kuwa hifadhi. Kulikuwa na wavuvi waliokuwa wakivua kwa baruti, wanaua samaki wadogo na wakubwa pamoja na matumbawe yanayowazaa, na makatazo ya serikali peke yake hayakuwagusa sana. Kilichowagusa wengi wao ni masheikh walipokaa nao wakawasomea kwamba binadamu ni khalifa katika ardhi, na kwamba Mungu hawapendi wafanyao ufisadi. Mvuvi alikuwa anajua kwa macho yake kwamba baruti inamaliza bahari. Dini ndiyo iliyompa nguvu ya kufanya alichokijua.

Hapo ndipo hasara yako itakapokuwa, nataka uijue mapema. Kujua lililo jema hutapungukiwa. Utakachopungukiwa ni kubebwa. Mwenzako anayesali huitwa mara tano kwa siku, kila mwaka Ramadhani inamshika mkono, Ijumaa anakumbushwa, akikosea yupo wa kumwambia. Wewe ukiyalegeza hayo, wema wako utabaki kwenye kukumbuka kwako, na binadamu anasahau. Kwa hiyo uujengee mazoea kama mtu anayejenga ngazi. Fedha ya mkopo wa chuo ikiingia, tenga fungu la mtu mwenye shida kabla hujanunua kitu, na fungu hilo liwe na kima, lisifuate moyo wa siku ile. Mazishi usikose. Beba jeneza, chimba kaburi, kaa na wafiwa, maana maiti haulizi imani ya aliyemchukua. Mgonjwa wa jirani mtembelee siku maalumu. Chagua mtu mmoja mwenye busara, awe muumini au asiwe, umpe ruhusa ya kukwambia umekosea. Haya yanaonekana madogo, lakini wanafunzi wangu waliopoteza yakini wakabaki watu wema ni wale walioyafanya, na walioharibika ni wale waliodhani akili zao zinawatosha.

Clifford alijibiwa, na jibu hilo nalo lichukue. Mwaka 1896 Mmarekani William James alisema kuna mambo ambayo ukisubiri dalili kwanza hutayapata kamwe. Urafiki ni mfano. Ukikaa mbali na mtu mpaka athibitishe anakupenda, umeshamkosa. Kwa hiyo mtu ana haki, katika mambo mazito yasiyoamuliwa kwa dalili, kutanguliza moyo. Naona James ana haki kwa mtu anayejichagulia njia yake mwenyewe. Ukiamua kusali ukiwa na shaka, kama mtu anayebisha hodi asijue kama nyumba ina mwenyewe, huo kwangu hauitwi unafiki. Munafiki huonyesha asichonacho ili apate kitu au adhuru watu. Anayebisha hodi amesema ukweli kwa kubisha kwake. Ila James hakupi ruhusa ya kuwabebea wengine. Ndiyo maana nasema kusimama safuni na kusimama mbele ya safu ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu mijadala ya kwenye simu nitasema machache. Punguza. Pande zote mbili zinatafuta mshindi, nawe unatafuta namna ya kuishi. Wapo watu wa mbali walioumizwa na dini zao wakageuza maumivu kuwa dharau, na dharau huambukiza haraka kuliko hoja. Siku utakapomtazama bibi yako anavuta tasbihi ukamwona mjinga, jua umeteleza, maana huyo mjinga amezika watoto akaendelea kuwapikia wajukuu, na bado hujui alichokiona. Na kama usiku hulali, chakula hakipiti, na kila kitu kimekuwa kizito, usikiite falsafa. Msiba wa mtoto wa miaka tisa uliozikwa moyoni unaweza kurudi ukiwa na sura nyingine. Nenda hospitali ukamwone mtaalamu wa afya ya akili, wala si aibu. Ghazali mwenyewe aliitiwa madaktari.

Mama. Umeuliza kama umwambie, nami nakuuliza: anakuegemea kwa lipi? Kama anakutegemea kwa upendo, kwa matumizi, kwa kumpigia simu jioni, basi hayo mpe kwa ukweli wote, na lililo moyoni mwako halijaiva kiasi cha kuwekwa mezani. Katiba ya nchi, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, na hilo lakupasa ulijue. Lakini katiba haiishi na mama yako nyumbani. Kwa kwetu neno moja la namna hii likitoka linapita mtaa mzima kabla ya Isha, na mama ndiye atakayelibeba kila akienda dukani. Usimwongopee akikuuliza kwa dhati. Mwambie una masuali yanayokusumbua, unayasomea, na hujaacha kumheshimu yeye wala anachokipenda. Hilo ni kweli lote. Ramadhani ukiwa nyumbani funga naye. Na ukiwa mjini usile hadharani, kwanza kwa adabu kwa waliofunga, na pia kwa kuwa watu wamewahi kukamatwa kwa jambo hilo.

Pana mmoja ambaye huna ruhusa ya kumficha, naye ni binti utakayetaka kumwoa. Ndoa zetu zinasimama juu ya dini, talaka na mirathi zinakwenda kwa kadhi, na watoto watakuuliza. Huyo anapanda chombo chako na maisha yake yote. Mwambie kabla ya posa, hata kama utamkosa.

Nimemwacha bibi mwisho kwa sababu ndiye aliyekufanya uandike barua hii, nadhani.

Yeye hakuegemei kwa mapenzi tu. Anakuegemea kwa sala yake, kitu anachokithamini kuliko vyote alivyonavyo, na ameweka magoti yake mabovu nyuma ya mgongo wako. Kwa hiyo ndiyo, kinachokuuma kinakuuma kwa haki, na ningekuwa nimekudanganya kama ningekwambia endelea tu kwa kuwa unasoma vizuri. Shuka. Lakini ushuke kwa namna isiyomwangusha. Mzee wa umri ule usimfungulie habari za Huxley na Basra. Mwambie: bibi, sauti ninayo, lakini siku hizi moyo wangu haujatulia, na sipendi nisimame mbele yako na moyo wa namna hii. Ataelewa zaidi ya unavyodhani. Ameisikia mara nyingi habari ya Nabii Ibrahim aliyemwomba Mola wake amwonyeshe anavyofufua wafu, akaulizwa kama haamini, akajibu anaamini ila moyo wake upate kutulia. Ibrahim alikuwa anaamini na wewe hujui, kwa hiyo usijipachike hapo. Neno "moyo haujatulia" lakini ni lako kwa haki, na bibi analijua tangu utoto wake. Huenda akakuombea dua. Itikie. Dua ya bibi haina masharti ya kutiwa saini.

Kisha mtafutie wa kumsalisha. Nyumba zetu hazikosi mtoto wa chuoni wa miaka kumi au kumi na moja aliyeshika Fatiha yake sawasawa, na katika madhehebu ya Shafi mtoto mwenye kupambanua anaweza kuwa imamu. Mwite kabla ya Magharibi. Wewe chota maji, mtilie bibi udhu polepole, miguu ukimwoshea kwa mkono wako kama hawezi kuinama, mpanguse kwa upande mkavu wa kanga yake. Tandika msala, weka kigoda nyuma yake kwa rakaa atakazoshindwa kusimama. Mtoto atasoma haraka haraka kwa woga, mwashirie apunguze mwendo. Ukitaka kusimama safuni pamoja nao, simama. Ukiona leo huwezi, kaa pale karibu na mlango umsubiri, kwa sababu akishatoa salamu atanyoosha mkono wa kushoto kutafuta mtu wa kumwinua, kama unavyomjua.